Haina Haja, Bwana Afisa

Watu wa kijijini kwetu wakitaka kumsifu baba yangu husema mzee Bunthan ni mpole. Siku hizi nikilisikia neno hilo natamani kurusha kitu. Mpole, mpole. Upole huo ndio uliompeleka mdogo wangu Wirot gerezani, huo pamoja na mdomo wangu mimi. Ya mdomo wangu nitayasema, siyafichi. Lakini naanza na upole kwa sababu ndio ulioanza.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, mwezi wa kupandikiza mpunga. Kwetu ni kando ya Mto Mekong, upande wa Thailand, na ukisimama ukingoni unawaona watu wa Laos wakifua. Vidonge vinavuka hapo kila wiki na kila mtu anajua. Maafisa wa dawa za kulevya tumewazoea, wanapita na magari yao ya vioo vyeusi, tunawapisha. Hatukuwahi kuwaza kwamba siku moja watasimama kwetu.

Mimi nilikuwa mbele ya shule, ninapouza. Nauza papai bichi la kutwanga, na pilipili na samaki wa kuvundikwa, watu wanakula na wali wa kunata. Mama Chalao, jirani yetu, akaja anatweta, sarungi ya kiunoni kaikunja mkononi.

"Lamduan, acha hicho kinu. Kwenu kuna magari mawili na watu wa fulana nyeusi."

"Wanataka nini?"

"Mimi nitajuaje? Wameingia na baba yako anawamiminia maji."

Nilikimbia. Nilipofika walikuwa wameshamaliza. Wirot alikuwa amechuchumaa mbele ya banda lake la bati, nyuma ya nyumba, pingu mikononi, mikono imejaa grisi. Yeye ni fundi wa pampu na pawatila za kulimia. Hanywi, ukimpa bia moja analala palepale. Mbele yake walikuwa wameweka meza yetu ya plastiki, ile ya kulia chakula, na juu yake mfuko wa bluu wenye vidonge vyekundu. Mia moja na themanini, walishavihesabu.

"Nyoosha kidole," afisa mmoja alikuwa akimwambia. "Nyooshea ule mfuko, tupige picha tuondoke."

"Si wangu."

"Nimekuuliza wa nani? Nimesema nyoosha kidole."

Wirot akakunja ngumi. Yule afisa akamshika mkono, akamkunjua kidole kimoja, akakielekeza kwenye mfuko, na mwenzake akapiga picha na simu. Picha hiyo ilikuja kufika mahakamani. Ukiitazama utadhani mdogo wangu anakuonyesha samaki aliyemvua.

Nikauliza kwa sauti hati ya upekuzi iko wapi. Akanigeukia kiongozi wao. Anaitwa Kamron, mtu wa miaka thelathini na kitu, nywele zimekatwa vizuri, na miguuni hana viatu. Buti zake alikuwa amezivua kwenye ngazi ya nyumba yetu na kuzipanga, kama mgeni aliyelelewa vizuri.

"Dada, hati hatuihitaji," akasema. Akatoa kadi mfukoni mwa kifua. "Hii inatosha. Tukiwa na sababu ya kumshuku mtu, na tukiona kwamba tukisubiri ushahidi utapotea, tunaingia. Sheria imeturuhusu. Na mzee tumemheshimu. Muulize mwenyewe."

Nikamwangalia baba. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, maana nyumba zetu zimeinuliwa juu ya nguzo, sinia mapajani, na kwenye sinia gilasi tano tupu. Alikuwa amewapa maji baridi, maana mgeni akija hupewa maji. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu ambaye bado hajaelewa kilichompata. Nilimpita bila kumsemesha. Wakamwingiza Wirot kwenye gari, na Kamron akavaa buti zake, akafunga kamba, akakutanisha viganja na kumwinamia baba. Baba naye akakutanisha viganja.

Walipoondoka ndipo nilipomuuliza. Akanieleza pole pole, kama anavyoeleza kila kitu.

Kamron alikuwa amepanda ngazi, akapiga magoti. "Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu." Akaonyesha kadi. Akasema kuna mlevi mmoja amekamatwa darajani na vidonge viwili, na mlevi huyo amemtaja fundi wa pampu. Kisha akasimama mbele ya baba, akafungua viganja vyote viwili. "Baba, sheria inataka nikuonyeshe kwanza kwamba siingii na kitu. Nitoe mifuko?" Tayari vidole vilikuwa mfukoni.

"Na wewe ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia haina haja, bwana afisa. Nikasema nakuamini, karibu unywe maji."

"Baba."

"Nilimwonea aibu, Lamduan. Mtu wa serikali nimwambie ageuze mifuko, kama mwizi sokoni?"

Aibu. Alimwonea aibu mtu aliyekuja kumbeba mwanawe. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huu na hatutaki kuuita ugonjwa. Mkubwa akiomba ruhusa tunampa kabla hajamaliza kuomba. Akitukanyaga mguu sisi ndio tunaomba radhi. Na baba ndiye aliyezidi wote, kwa sababu alikuwa mtawa hekaluni miaka kumi na moja kabla hajamwoa mama, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Ukimwomba shoka anakupa na mpini wa akiba.

Basi alipokwisha kumsamehe Kamron mifuko yake, wakamwambia, baba kaa hapa kivulini, jua kali. Afisa mmoja akakaa naye kumuuliza habari za mpunga. Wawili wakamshika Wirot kwenye ngazi ya mbele. Mwingine alibaki barabarani na magari. Kamron akaenda nyuma, bandani, peke yake. Alikaa kiasi cha mtu kutafuna tambuu moja akaimaliza, hivyo ndivyo baba alivyopima. Halafu akaita, "Baba, njoo uone." Baba alipofika, mfuko ulikuwa ndani ya boksi la plagi za injini.

"Kisha wakaandika karatasi," baba akasema. "Wakanisomea. Nikasaini."

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema afisa ameonyesha kwamba hakubeba kitu, na mwenye nyumba ameridhika."

"Na ukasaini?"

"Alinipa kalamu kwa mikono miwili, mwanangu."

Niliingia jikoni nikavunja sahani. Sikuivunja kwa bahati mbaya. Niliichukua, nikaitazama, nikaipiga chini.

Siku tatu walikaa naye kwenye ofisi yao. Siku tatu wanaruhusiwa, kabla hata ya kumkabidhi polisi, wamuulize wanavyotaka. Walimpa kopo akojoe. Mkojo wa mtumiaji ukipimwa unageuka zambarau. Wa Wirot ulibaki mkojo. Nikafurahi kama mjinga, nikamwambia afisa wa zamu, mnaona sasa? Akacheka. "Dada, muuza pombe lazima awe mlevi?" Kwa hiyo ungegeuka zambarau ungemfunga, na usipogeuka haumfungui. Nikamuuliza, sasa mlimpima wa nini? Akaniambia nenda nyumbani kapumzike.

Dhamana wakakataa. Wirot akakaa mahabusu miezi tisa. Mtu mmoja akamnong'oneza akiri, maana anayekiri hupunguziwa nusu ya kifungo. Wirot akaniambia kwenye kioo cha wageni, "Dada, nikikiri nitakuwa nimekiri. Nitarudi nyumbani nimwambie nini baba?" Ndivyo alivyokuwa. Alitaka kutoka mle akiwa mtu safi au asitoke.

Mahakama ikatupa wakili, binti mdogo anaitwa Rasami, mwenye miwani na pikipiki, na mimi nikamdharau kwa siku moja tu. Ofisini kwake, feni inazunguka na karatasi zimewekewa mawe, alinisomea nguvu walizo nazo watu wa kadi ile. Wanaingia nyumbani. Wanapekua mwili, mfuko, gari. Wanamwamuru mtu akojoe. Wanamshika siku tatu. Wanachukua vitu, wanaita watu, wanauliza maswali. Alisoma kurasa na kurasa na mimi damu inanichemka.

"Na sisi?" nikamuuliza. "Sisi wenye nyumba tumepewa nini?"

"Mmepewa vichache," akasema. "Kabla ya kupekua, afisa aonyeshe kwamba haingii na kitu. Na apekue mbele ya mwenye nyumba kadiri inavyowezekana. Na nakala ya karatasi mpewe."

Yaani kurasa zote zile ni zao, na sisi tuna mistari miwili mitatu, na wa kwanza wake baba yangu aliurudisha kwa mwenyewe akitabasamu. Nilimwambia Rasami hivyohivyo. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu, anatazama mikono yake.

"Hapana, dada Lamduan," Rasami akasema. "Sikiliza vizuri. Sheria inasema afisa aonyeshe. Haisemi aulize kama aonyeshe. Wajibu ni wake, si wa baba, na baba hana uwezo wa kumsamehe. Kwa hiyo baba atasema kama ilivyokuwa: aliniuliza, nikamwambia haina haja, hakuonyesha. Inatusaidia kidogo, haituumizi. Kubwa ni lile banda. Kamron aliingia peke yake, na hilo shahidi wetu ni baba. Wirot naye aliona, lakini Wirot ni mshtakiwa, nani atamsikiliza? Kwa hiyo jaji lazima amwamini baba. Mmenielewa? Kila kitu kinasimama hapo, jaji amwamini baba."

"Nimekuelewa," nikasema. Baba naye akasema ameelewa.

Sikuwa nimeelewa. Au nilielewa nikaona huyu mtoto wa mjini hawajui watu wetu. Nilijiona nikiwa jaji, nasikia mzee anasema alimkataza mwenyewe afisa kuonyesha mifuko, nacheka, namfunga mwanawe. Nikasema hapana. Lile "haina haja" lilinitesa miezi tisa, halitatoka kinywani mwake mbele ya jaji.

Nikaanza kumfundisha. Asubuhi akiwalisha kuku, mimi nyuma yake.

"Afisa alikuonyesha mifuko?"

"Hakunionyesha."

"Vizuri. Alikuuliza kama akuonyeshe?"

"Aliniuliza, Lamduan."

"Hakukuuliza. Alivua viatu, akakusalimu, akaonyesha kadi, akaingia. Basi. Tena."

"Rasami amesema niseme ukweli."

"Rasami akishindwa anakwenda kula chakula cha mchana. Wirot akishindwa anakwenda wapi?"

Akawamwagia kuku chakula. Nilimfuata siku nne hivyo, na siku ya nne akasema hawezi, akasema tangu alipokuwa na miaka kumi na minane hajasema uongo kwa kukusudia na hajui unaanzia wapi. Hapo nikamwambia maneno ambayo sikujua nilikuwa nayo.

"Unajua ulivyo wewe? Mtu aliyekuja kumbambikia mwanao kesi ulimpa maji, ukampa heshima, ukampa na sahihi. Mwanao sasa anakuomba neno moja. Unataka kulinda roho yako isichafuke. Sawa, ilinde. Akifia ndani utamwombea, una sauti nzuri ya kuombea maiti."

Bakuli la kuku likamwanguka mkononi. Hakuliokota. Akasema kwa sauti ndogo, "Hakuniuliza."

"Tena."

"Hakuniuliza. Alivua viatu, akanisalimu, akaonyesha kadi, akaingia."

Nilimrudisha mara saba. Sikumwonea huruma hata chembe. Niseme kweli, nilifurahi.

Siku ya ushahidi walimleta Wirot na nguo za kahawia za gereza, minyororo miguuni. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Baba alivaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe. Kwetu shahidi akiapa hujiapiza: nikisema uongo, mimi na jamaa yangu tupatwe na mabaya. Baba alikutanisha viganja akalisoma lile apizo neno kwa neno, na alipofika kwenye "jamaa yangu" akakohoa, akaendelea.

Rasami akaanza. "Baba, kabla ya upekuzi afisa Kamron alifanya nini?"

"Alivua viatu. Akanisalimu. Akaonyesha kadi."

"Halafu?"

Baba akanitazama. "Halafu akaingia."

Niliona kalamu ya Rasami imesimama. Akajaribu tena, kwa upole. "Alisema lolote kuhusu mifuko yake?"

"Hakuniuliza."

Rasami hakugeuka kunitazama, lakini shingo yake ilibadilika rangi. Akaliacha hilo haraka akaenda kwenye banda, na hapo baba alisema vizuri sana: aliyekaa naye kivulini, waliomshika Wirot, Kamron alivyokwenda peke yake, muda wa tambuu moja. Jaji aliandika. Nilimwona akiandika na moyo wangu ukapaa.

Akasimama mwendesha mashtaka, mzee karibu wa rika la baba, mnene, sauti ya chini. Nilitegemea atafoka. Hakufoka.

"Baba, nasikia ulikuwa mtawa."

"Miaka kumi na moja."

"Hata leo unashika zile amri tano za Buddha?"

"Nazishika."

"Ya nne inakataza nini?"

Ya nne ni kutosema uongo, kila mtoto wa kwetu anaijua. Jaji akapiga chafya, akaomba radhi.

"Sitaki kukusumbua," mwendesha mashtaka akasema. "Nina swali moja kubwa, na baba ukinijibu nitakuamini, sitalirudia. Karatasi hii ina sahihi yako. Afisa anasema alitaka kukuonyesha mifuko, ukamwambia haina haja. Anasema uongo?"

Nilikuwa nimemfundisha mara saba, lakini hili sikumfundisha. Nilimfundisha aseme yeye hakuulizwa. Sikumfundisha kumwita mtu mwingine mwongo. Baba alishika ukingo wa meza. Nikajikuta nimeinuka kwenye benchi na mlinzi ananionyesha nikae.

"Hasemi uongo," baba akasema. "Alitaka kunionyesha. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Kwa hiyo uliyosema mwanzo?"

"Hayo ndiyo uongo."

"Na haya ya banda, kwamba afisa alikuwa peke yake?"

"Hayo ni kweli. Hayo ni kweli kabisa, mheshimiwa."

"Ahsante baba," akasema, akaketi. Hata hakumtazama. Kamron alikuwa benchi la nyuma, ushahidi wake alishatoa zamani, na alikuwa anaangalia chini. Simsamehi kwa kuangalia chini. Vidonge aliviweka yeye, mimi nasema hivyo, na akija na kadi yake kuniuliza nitamwambia usoni.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki sita. Jaji alisema shahidi wa utetezi amekiri mbele ya mahakama kwamba alisema uongo chini ya kiapo, kwa hiyo maelezo yake kuhusu banda hayana uzito. Akasema hakuna sababu ya kuona kwamba maafisa walikuwa na chuki na mshtakiwa. Miaka kumi na miwili. Wirot alimtafuta baba kwa macho, na baba alikuwa amekaa wima, viganja vimekutana, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Nje, kwenye ngazi, Rasami alinivuta pembeni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unajua kwamba Kamron nilipomhoji, kabla ya zamu ya baba, alisema hakumbuki nani alikuwa naye bandani? Imo kwenye maandishi. Hakumbuki. Jaji mwenyewe alimuuliza mara mbili." Hakupaza sauti, ningependa apaze. "Alikuwa amebaki baba tu, dada. Aseme alichokiona, aende nyumbani."

"Tukate rufaa."

"Tutakata. Lakini watasoma haya haya yaliyoandikwa."

Akavaa helmeti akaondoka. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumkasirikia na wote walikuwa wameshakwenda.

Mara ya kwanza kumtembelea baada ya hukumu tulikwenda wawili. Unakaa upande wako wa kioo, yeye wake, mnaongea kwa simu ya waya, dakika kumi na tano. Simu ni moja kila upande, kwa hiyo nikaegemeza sikio langu karibu na la baba. Wirot alikuwa amenyolewa, masikio yamekuwa makubwa.

"Baba," akasema, "mimi nakujua. Wewe hujui kudanganya hata kuku. Nani alikufundisha yale maneno?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema, na pale nikasubiri baba aseme, maana yeye hasemi uongo.

"Hakuna aliyenifundisha," baba akasema. "Niliyatunga mwenyewe."

"Rasami alikwambia useme kama ilivyokuwa."

"Aliniambia. Nikajiona najua kuliko yeye. Niliona hivi itakusaidia."

Hakukohoa, hakushika kitu, hakunitazama. Macho yake yalikuwa ndani ya macho ya mwanawe, sauti imetulia, mtu yeyote angemwamini. Mahakamani uongo mmoja ulimshinda kubeba robo saa, na huu aliubeba kana kwamba hauna uzito wowote. Nikaona kitu kinafungwa usoni mwa Wirot.

"Nipe dada," akasema.

Baba akanipa simu, akasogea nyuma, akasimama ukutani.

"Dada, umwangalie," Wirot akaniambia. "Asije akajifanya mjuzi tena. Kama ana la kusema akuambie wewe kwanza."

"Sawa," nikasema.

Hilo ndilo neno nililosema. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki, nikazungumza naye habari za pampu ya mama Chalao.

Tumekwenda mara tano tangu siku hiyo. Kila mara Wirot anaomba nishike simu mimi. Anauliza mvua, anauliza nani anatengeneza pawatila za watu, anacheka kidogo siku hizi. Baba anasimama ukutani na begi mkononi hadi kengele inalia. Wirot anamwinamia kwa mbali, kama anavyomwinamia mtu wa kijiji kingine, anaondoka.

Mara ya nne, getini, nilimwambia baba kwamba siwezi tena, Jumanne ijayo namwambia Wirot kila kitu, yale ya kuku, yale ya maiti, yote.

"Ana miaka kumi na miwili mle ndani," baba akasema. "Atahitaji mtu mmoja huku nje wa kumwamini. Mimi nina miaka sitini na tisa. Huyo mtu uwe wewe."

Nilifungua mdomo nimfokee, kama nilivyozoea. Nikamwambia twende, tutakosa gari. Jumanne ile tulikwenda, na sikumwambia.